Sahihi Sitini na Moja

Kama kuna jambo lililokuwa likimchefua Mwalimu Eliwaza, ni mtu kuulizia hali ya mume wake mgonjwa kabla ya kutaja kilichomleta. Na Injinia Lukelo ndivyo alivyofanya. Aliingia uani asubuhi ya Alhamisi, viatu vinang'aa, jalada kwapani, akaamkia, akaketi, na neno la kwanza baada ya shikamoo likawa, "Mzee anaendeleaje na mashine?"

"Anaendelea. Sema kilichokuleta."

"Heri tupu, Mwalimu. Orodha imepita."

Akaliweka jalada mezani, pale pale Eliwaza alipokuwa akichambua mbegu za alizeti, kama vile meza ni ya ofisini kwake. Eliwaza akavuta ungo wake pembeni. Alikuwa na miaka sitini na mitatu, amefundisha darasa la kwanza hapo Itundwe miaka thelathini na minne, na sasa alikuwa Mshika Ufunguo. Maana yake ni kwamba shingoni, ndani ya blauzi, alining'iniza kipande cha chuma cha ukubwa wa kidole, na bila kipande hicho Kampuni, pamoja na majengo yake yote ya vioo huko ilikotoka, isingeweza kuwasha hata taa ya chooni. Sheria ndivyo ilivyotaka. Kila mji wenye kinu cha nyuklia uchague mtu wa kushika ufunguo wa wananchi. Ufunguo wa Kampuni alikuwa nao Lukelo.

Kinu chenyewe huwezi kukiona. Ni pipa la chuma lenye urefu wa basi, limesimamishwa ndani ya shimo la mwamba mita ishirini chini ya ardhi, nyuma ya hospitali. Ndani yake kuna vitufe vya mafuta ya nyuklia, kila kimoja sawa na chungwa dogo, vinajipasha moto vyenyewe kwa vyenyewe, na gesi inapita katikati yake ikibeba joto la kuzungusha mitambo ya umeme. Hakitoi moshi, hakinywi maji ya watu. Kilikuja kimefungwa na hakifunguliwi. Mkataba ulisema kitafanya kazi miaka kumi na miwili, kisha kilale, kipoe mwaka na nusu, halafu waliokileta waje wakichukue warudi nacho kwao, ndipo kipya kiingie.

Miaka hiyo kumi na miwili ilikuwa inatimia Jumapili hii, saa sita mchana.

Ila sasa kulikuwa na kitu kinaitwa Nyongeza ya Nne ya mkataba. Kwa Nyongeza hiyo, pipa la zamani lisingeondoka tena. Lingemwagiwa zege likalala humo humo shimoni, na pipa jipya, ambalo tayari lilikuwa juu ya lori limefunikwa turubai, lingetumbukizwa kwenye shimo la pili. Eliwaza angezungusha ufunguo wake Jumapili saa sita, Lukelo angezungusha wake, na mji usingejua hata kwamba umebadilishiwa jiko. Taa isingepepesa.

"Mlituambia mtalichukua," Eliwaza alisema.

"Tulisema hivyo, ni kweli. Lakini dunia imebadilika, Mwalimu. Bandari zinakataa. Nchi ya kulipokea haipo. Mtu alitegemea nini?"

"Litakaa humo miaka mingapi?"

"Muda utakaohitajika. Wataalamu wanasema ile mia tatu ya kwanza ndiyo ya kuangalia kwa makini."

"Na wa kuangalia ni nani?"

"Kampuni."

"Kampuni ina miaka mingapi?"

Lukelo akakohoa. "Kumi na tisa."

Eliwaza hakucheka. Mwingine angecheka, lakini yeye hasira zilikuwa zimeshampanda mpaka masikioni, akanyoosha mkono kuchukua lile jalada ili asimpige mtu na ungo.

Karatasi za juu alizijua. Zilikuwa za ule mkutano wa elimu wa mwezi wa tatu, uwanja wa shule, siku ya pilau. Juu zimeandikwa kwa herufi nene, ORODHA YA MAHUDHURIO. Kaya mia mbili hamsini na tisa, kila kaya sahihi ya mkuu wake. Na chini kabisa, kwa herufi ambazo mdudu chawa angezisoma kwa miwani, kulikuwa na mstari mmoja: mwenye kuweka sahihi hapa amesikia na ameridhia Nyongeza ya Nne.

"Hii ni ya mahudhurio," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Watu walisaini kuonyesha wamefika. Wapewe chakula."

"Maandishi yapo, Mwalimu. Tangu siku ile yapo. Na aliyesaini kwa mkono wake amesaini, sheria haimsikilizi akisema hakusoma."

Changa la macho. Mji mzima umepigwa changa la macho kwa pakiti ya pilau na soda, na aliyeshika karatasi, akiita majina, akigawa kalamu, alikuwa yeye Eliwaza. Mwalimu aliyewafundisha kusoma hakusoma.

Halafu macho yake yakaanza kushuka mstari kwa mstari, na kila baada ya mistari michache kidole chake kikasimama. Kwa sababu Itundwe kuna desturi ambayo mgeni ataiita utapeli na mwenyeji anaiita ujirani. Ukiwa na safari, ukiwa umepeleka ng'ombe kunywa maji, ukiwa kwenye kinu cha kukamua alizeti, unamwambia mwenzio anayekwenda mkutanoni, "Nisainie." Anakusainia, anakuletea fungu lako. Hakuna anayeona vibaya. Asiyekubali kumsainia jirani yake ndiye anayesemwa. Siku ile Eliwaza aliwasainia watu sitini na mmoja, akabeba pakiti sitini na moja kwenye beseni, akapita nyumba kwa nyumba mpaka miguu ikavimba, na aliona raha.

Tena hakusaini ovyo ovyo. Alikuwa amewashika wengi wao mkono walipokuwa wanaandika a ya kwanza maishani mwao. Alijua nani anakata t yake mbali, nani anaibinua g kama ndoano, nani hajawahi kumaliza jina lake. Akaandika kila mmoja kwa mwandiko wake, kwa mapenzi tu.

"Kisomeo kimezipitisha zote," Lukelo alisema, kama aliyesoma mawazo yake. "Asilimia tisini na tisa."

Hapo ndipo palikuwa na balaa. Zamani kidogo mashine zilikuwa zimejifunza kuiga sura za watu, sauti zao, hata alama za vidole, mpaka video ya mtu akisema ndiyo ikawa haina thamani hata ya karatasi ya kufungia karanga. Serikali ikarudi kwenye wino. Sahihi ya mkono, na kila sahihi inapitishwa kwenye kisomeo kinachoifananisha na madaftari ya shule na fomu za zamani za mtu huyo huyo. Kisomeo hicho kilikamata matapeli nchi nzima. Mwalimu Eliwaza hakikumkamata.

Lukelo akainama mbele. "Itundwe ina kaya mia tatu na kumi na mbili. Theluthi mbili zinazotakiwa na sheria ni mia mbili na nane. Siku ile viti vya kaya vilivyokaliwa, picha iliyopigwa kutoka juu inaonyesha, ni mia moja tisini na nane. Sahihi mia mbili hamsini na tisa. Nilihesabu mimi mwenyewe, Mwalimu, nikanyamaza. Kughushi ni jela. Nami sipendi kumwona mtu wa heshima yako anapelekwa jela, huku Mzee yuko kwenye mashine."

"Unanitisha nyumbani kwangu."

"Nakukumbusha. Bila Nyongeza hii ni giza mwaka na nusu. Pampu za kisima kirefu zinasimama. Watu watarudi kwenye mkaa, ile milima yote iliyoota miti mtaikata tena, mnajua wenyewe. Dunia inaungua na nyinyi mmepewa dawa. Na mashine ya Mzee haiendi kwa jua, unafahamu. Nyingine iliyo karibu iko Dodoma."

Kilichomuuma Eliwaza zaidi ni kwamba mengi ya hayo yalikuwa kweli. Yeye hakuwa adui wa Kinu. Alikumbuka vilima vikiwa vipara, watoto wake wa darasa la kwanza wakisinzia kwa sababu wameamka usiku kutafuta kuni, maji yakiuzwa kwa kikombe. Kinu kilikuja na hayo yakaisha. Alikuwa amesimama mikutanoni akakitetea mpaka sauti ikakauka. Ndiyo maana wakamchagua. Na sasa mtu huyu wa viatu vinavyong'aa anamwambia kwamba kitu kizuri lazima ukimeze pamoja na uongo wake.

"Nenda," alisema.

"Kesho kutwa orodha inasomwa hadharani, kama sheria inavyotaka. Jumapili tunawasha."

"Nimesema nenda, Injinia, kabla sijasahau umri wangu."

*

Wodi ya kusafisha damu ilikuwa na vitanda vinne. Mchana ule ule wa Alhamisi mume wake, Ntandu, alikuwa kwenye kile cha dirishani, mkono wa kushoto umenyooshwa, ule mshipa uliovimba kama kamba umechomwa sindano mbili, damu inatoka kwa mrija mmoja na kurudi kwa mwingine. Muda wa saa nne kila mara, mara tatu kwa wiki. Kabla mashine haijaletwa walikuwa wakienda Dodoma, kilomita mia mbili na arobaini kwenda na mia mbili na arobaini kurudi, na mwezi wa pili wa safari hizo Eliwaza alikuwa ameanza kumfikiria katika sanda.

Nesi alipita na daftari la wagonjwa. Eliwaza akamsainia mumewe, kama alivyomsainia tangu vidole vyake vianze kutetemeka.

"Umenuna," Ntandu alisema.

"Sijanuna."

"Mama Njiku, nimekaa na wewe miaka arobaini. Huyo Lukelo kaja?"

"Kaja. Orodha imepita."

Ntandu akatazama dari. Enzi zake alikuwa mchimba visima, na shimo la Kinu alilichimba yeye na wenzake, kwa tochi na baruti, miezi saba. "Pale mita kumi na saba kuna ufa," alisema. "Mara ngapi nimekwambia."

"Mara mia."

"Mwamba ulikuwa unatoka jasho. Niliwaonyesha, wakapaka saruji, wakasema ni kidogo. Na kweli ni kidogo. Kwa miaka kumi na miwili si kitu. Ila hiyo mia tatu wanayoisema, ufa ule ni mlango. Na maji yanayopita pale ndiyo yanayokwenda kwenye kisima kirefu."

"Kwa nini unaniambia leo?" Alisema kwa ukali hadi mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka. "Unataka nifanye nini? Nizime? Nizime nikutazame?"

"Sijasema uzime."

"Basi nyamaza."

Hakuwa mtu wa kunyamaza sana. "Nashangaa tu," alisema. "Kaya yetu wameiandika vipi? Mimi siku ya pilau nilikuwa hapa hapa, na sindano zangu."

Eliwaza alikuwa amemsainia. Mwandiko wa Ntandu aliujua kuliko wa mtu yeyote duniani, kwa sababu ya barua alizomwandikia akiwa chuo cha ualimu, za karatasi ya mistari, zenye N kubwa iliyokaa kama mtu aliyekunja nne. Alikuwa ameiandika N hiyo akitabasamu. Pilau lake alimletea hapa, wakala wote na nesi.

"Pumzika," alimwambia. Akakimbilia nje, kwenye kivuli cha tangi la maji, akasimama na hasira zake, na hakuweza kujua kama hasira hizo ni za Lukelo, za Ntandu na ufa wake, au za mwanamke mpumbavu aliyepita na beseni la pilau akijiona mwema.

*

Jumamosi saa tatu asubuhi uwanja wa shule ulikuwa umejaa. Mwenyekiti Mpinga, mtu mpole mwenye tumbo na leso, alikaa meza ya mbele na Lukelo. Kisomeo kilikuwa kati yao, sanduku jeupe dogo lenye taa mbili. Ntandu aliletwa kwa kiti cha magurudumu, kwa sababu alikuwa ameng'ang'ania kuja na alikuwa na zamu ya mashine saa nane.

Mpinga akaanza kusoma majina. Alikuwa amefika la tano Eliwaza aliposimama.

"Mwenyekiti, simamisha."

"Mwalimu, nafasi ya maswali ipo mwishoni."

"Sina swali. Orodha hiyo ina sahihi sitini na moja ambazo si za wenyewe. Nimeziandika mimi."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akidhani ni utani, na hakuna aliyemuunga mkono.

"Siku ya pilau," Eliwaza aliendelea. Alikuwa amejiandaa kusema kwa utulivu, lakini utulivu ulikataa. "Mliniambia niwasainie, nikawasainia. Wengine hamkuniambia, nikawasainia tu, msikose chakula. Tulidhani tunasaini mahudhurio. Angalieni chini ya karatasi. Angalieni huo mstari. Wametuuzia mbuzi kwenye gunia, tena wametuuzia kwa mkono wangu. Mimi niliyewafundisha kusoma sikusoma. Mnaotaka kunitukana, nitukaneni, nimestahili. Lakini kutia zege juu ya uongo huu na kuwaachia wajukuu wa wajukuu zenu, sitii. Na ufunguo huu sizungushi kwa orodha hiyo."

Lukelo alikuwa amesimama. "Mwenyekiti, Mwalimu ana mgonjwa, ana mawazo mengi. Kisomeo kimezipitisha sahihi zote."

"Nipe karatasi," Eliwaza alisema.

Mpinga, bila kumtazama Lukelo, akampa. Eliwaza akaandika hapo hapo mezani, amesimama, majina matatu kwa miandiko mitatu, na la tatu lilikuwa la Mpinga mwenyewe. Akaisukuma karatasi chini ya kisomeo. Taa ya kijani. Kijani. Kijani.

Mpinga akaitazama sahihi yake ambayo hakuiandika. Akajifuta shingo na leso. "Tangu darasa la kwanza," alisema taratibu, "nilikuwa naogopa mama huyu."

Watu wakacheka, ila si kicheko cha raha.

Lukelo hakuwa mjinga. Alijua kuhesabu, na alihesabu haraka. "Sawa," alisema. "Sawa kabisa. Zitolewe hizo sitini na moja. Zimebaki mia moja tisini na nane, na hizo ni halali. Tunahitaji kumi tu. Wenyewe si wako hapa? Waitwe, kila mmoja ajisainie, kwa hiari yake, mchana kweupe. Anayetaka maji na umeme aseme ndiyo. Habari ya kughushi tutaizungumza baadaye, na wanaohusika."

Na Eliwaza akaona mtego ulivyo mzuri. Kumi tu. Nani asingepatikana? Kuna wenye ng'ombe, wenye mashine za kukamua, wenye watoto wachanga. Yeye ataenda jela na zege litamwagwa vile vile. Na moyoni, aibu ya kusema, kitu fulani kikapumua. Ntandu atabaki na mashine yake. Amesema kweli, na mumewe hatakufa. Nani angemlaumu akifurahi?

"Nianze mimi," Ntandu alisema kutoka kwenye kiti chake. "Nina zamu hospitali."

Mpinga akapekua. "Kaya namba mia na arobaini. Ntandu. Unasemaje, Mzee?"

Uwanja wote ulijua atasema nini. Kulikuwa na watu waliokuja wameshaamua kusema ndiyo kwa ajili yake yeye, kwa sababu alikuwa amewachimbia visima baba zao.

"Sikubali," Ntandu alisema.

Mpinga akadhani hakusikia. "Mzee?"

"Sikubali. Shimo lile nimelichimba mimi, lina ufa. Waje wachukue pipa lao, kama walivyoahidi, ndipo walete lingine. Kinu nakitaka. Hilo jaa siwaachii watoto."

Eliwaza alikuwa tayari ameshafika kwenye kiti. Aliinama mpaka uso wake ukawa karibu na wa mumewe. "Wewe," alisema kwa sauti ya chini. "Una akili kweli? Mwaka na nusu, Ntandu. Dodoma itakuua kabla ya Krismasi. Hukuniuliza. Umejitokeza mbele za watu ukajitoa roho na mimi mkeo hukuniuliza."

Ntandu akamtazama. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililomuumiza.

"Uliponiandika siku ya pilau," alisema, "uliniuliza?"

Kwa hiyo alijua. Labda tangu Alhamisi, pale alipoambiwa apumzike. Labda tangu siku ile ya pilau yenyewe.

Eliwaza akachukua kalamu mezani, akamwekea kwenye vidole. Mkono ule ulitetemeka, ukavuta mstari, ukateleza, ukaanza tena. Hakukuwa na N iliyokunja nne. Kulikuwa na michoro mitatu minne iliyopanda juu kama mtu anayekwea kilima amechoka. Mpinga akaiingiza kwenye kisomeo.

Taa nyekundu. Mwandiko haulingani.

"Haikubaliki," Lukelo alisema haraka. "Kisheria, kisomeo kikikataa..."

Mpinga akanyoosha mkono mnene, akauchomoa waya wa kisomeo. "Mwenyewe yupo, Injinia. Si huyu hapa? Nimtafute wapi mwingine?"

Kisha wengine wakaitwa. Msidhani watu walipiga makofi. Hawa Sungi, mwenye mashine ya alizeti, alikuja mezani machozi yanamtoka kwa hasira, akaandika ndiyo yake kwa kuikandamiza kalamu hadi karatasi ikatoboka, akamgeukia Eliwaza. "Mimi nina wafanyakazi wanane. Ng'ombe wa kaka yangu watakunywa msimamo wako, Mwalimu? Wewe umeghushi, halafu sisi ndio tukae gizani?" Eliwaza akasema, "Una haki, Hawa," kwa sababu alikuwa na haki. Wengine wakapita wakisema hapana huku wanaangalia chini. Wengine walifika mezani, wakamwangalia Ntandu na ule mkono wake wenye mshipa, wakashindwa kusema lolote, wakarudi kukaa. Mwenye kunyamaza hakuhesabiwa.

Ndiyo zilikuwa saba. Mia mbili na tano, pungufu tatu, na hapo orodha ikakwama.

Lukelo alifunga jalada lake bila kelele. "Jumatatu polisi watakuja kwako," alimwambia Eliwaza.

"Waje asubuhi. Mchana ninaweza kuwa njiani kwenda Dodoma." Akauvua ufunguo shingoni, akauweka mezani mbele ya Mpinga. "Na huu mpeni msafi. Lori lenu likija kuchukua pipa, ndipo auzungushe."

*

Walifika wodini saa nane kasorobo. Njia nzima hakumsemesha mumewe. Alisukuma kile kiti kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, kokoto zikirushwa na magurudumu, na Ntandu alikaa kimya kama abiria anayejua dereva kachukia. Mbele yao watu walipisha njia. Mwingine aliamkia, mwingine alitema mate chini.

Hewa ya wodi ilikuwa ya baridi. Mashine ziliunguruma zile nne, na Kinu kilikuwa na saa ishirini na mbili zimebaki. Eliwaza akamsaidia mumewe kupanda kitandani, akamkunjia mkono wa shati, akampangusa ule mshipa kwa pamba kabla nesi hajafika. Alikuwa bado amekasirika. Alikuwa amemkasirikia kiasi kwamba mikono yake ilifanya kazi kwa uangalifu uliopita kiasi, kama mtu anayebeba kitu kilichojaa pomoni.

Nesi akaja na daftari. Safu ya leo ilikuwa haijajazwa, na chini yake kulikuwa na mistari mitupu hadi mwisho wa ukurasa. Kwa mazoea akamsogezea Eliwaza daftari pamoja na kalamu.

Eliwaza akalipokea, akalitazama. Sahihi zake zilikuwa zimepangana humo mwezi mzima, N kubwa zilizokunja nne, nzuri, zote za uongo. Akaligeuza, akamwekea Ntandu mapajani.

"Mwenyewe yupo," alimwambia nesi.